Tyubu hasi 14

Simu iliingia saa mbili kasoro robo asubuhi, kikombe cha chai bado mkononi. Alikuwa mama wa stoo wa tawi letu la Mwanza, na huyo mama huwa hapigi simu saa hizo. Saa hizo anapokea mzigo na kuhesabu maboksi huku akiwafokea vijana wasiyadondoshe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu nisaidie kitu kimoja. Mashine yako inasema nina tyubu za ringi 18, hasi kumi na nne. Sasa hizo hasi kumi na nne niziweke rafu gani?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Ilikuwa Mei 2024, siku chache baada ya ile Jumapili ya tarehe 12 ambapo nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na nchi nzima ikawa inapigiana simu kuulizana "kwako neti ipo?" Maduka yetu hayakusimama. Yaliuza muda wote huo, nami nikajisifu kwa Mzee, mwenye mali, kwamba mfumo umefaulu mtihani. Mtandao ulipotulia, mauzo yote yaliyokwama yakaanza kumiminika kwenda seva kuu. Nikalala usingizi mzuri. Asubuhi ndiyo hiyo simu.

Biashara yenyewe ni spea za pikipiki, jumla na rejareja. Stoo kuu iko Kariakoo, matawi yako Mwanza na Kahama. Kila duka lina kompyuta ndogo chini ya kaunta inayofanya kazi ya seva, na ndani yake kuna MySQL, programu ya kutunza hifadhidata, ili duka liendelee kuuza hata mtandao ukikata. Seva kuu ya kujumlisha yote tuliikodi Afrika Kusini kwa sababu bei ilikuwa nzuri. Maana yake plagi moja ikiuzwa Mwanza, habari zake zilikuwa zinakwenda hadi Afrika Kusini ndipo zirudi Kariakoo zionekane kwenye skrini ya Mzee. Hakuna dereva wa lori ambaye angekubali ruti hiyo.

Kabla yangu, kila jioni matawi yalituma faili la Excel kwa barua pepe, na dada wa uhasibu pale Kariakoo alikuwa anakopi na kubandika mpaka saa tatu usiku. Dada akiumwa, Mzee hajui ana nini Kahama. Nilipoletwa mwaka 2021 agizo lilikuwa moja tu: kikiuzwa kule, nikione huku. Nikajibu kwa wepesi wa mtu ambaye hajawahi kuifanya kazi hiyo, nikasema hilo dogo.

Programu ya kaunta iliandikwa na mtu mwingine na msimbo wake sikuruhusiwa kuugusa. Hifadhidata ndiyo iliyokuwa mikononi mwangu. Nikaona basi hifadhidata yenyewe ijisemee. MySQL ina vitu viwili vya kazi hiyo. Kuna triga, yaani maagizo unayoyaacha ndani ya jedwali: mstari ukiingia hapa, na hiki kifanyike. Triga haijali mstari umeingizwa na programu ya kaunta, au na mimi kwa mkono usiku wa manane, au na dogo aliyepata nenosiri asilopaswa kulipata. Inafyatuka tu. Halafu kuna tukio la ratiba, ndugu yake triga, ambalo halingoji mtu aguse kitu, linangoja saa. Kila dakika, kila usiku, kila Jumatatu, wewe unapanga. (Katika MySQL 5.7 kiratibu cha matukio haya kinakuja kimezimwa. Tukio langu la kwanza nililiandika vizuri kabisa kisha nikakaa dakika 40 nikilikodolea macho. Kuanzia toleo la 8.0 kinakuja kimewashwa, na nadhani nywele zangu kadhaa zingepona kama wangelifikiria hilo mapema.)

Mpango wa kwanza ulidumu wiki tatu. MySQL ina aina ya jedwali iitwayo FEDERATED: unaliona liko hapa, kumbe data yake imekaa kwenye seva nyingine kabisa. Kwa kawaida nayo imezimwa, nikaiwasha. Nikaandika triga Mwanza, kila mauzo yakiingia, mstari uandikwe moja kwa moja kwenye jedwali la seva kuu. Mistari sita ya msimbo. Mzee aliona plagi ikiuzwa Mwanza kabla mteja hajapewa chenji, akaita hadi majirani waje waone.

Kisha mtandao wa Mwanza ukakata, mchana wa mvua, duka limejaa bodaboda waliojikinga na walioamua, maadamu wapo, wanunue kitu. Kijana wa kaunta akibonyeza kuuza, mashine inaganda, inawaza, kisha inakataa. Mauzo yote. Sikuwa nimejua kitu ambacho sasa kila kijana anayekuja kujifunza kwangu namwambia siku ya kwanza: triga haisimami pembeni ya muamala (kundi la amri linalokamilika lote au lisikamilike kabisa), imo ndani yake. Triga ikishindwa, amri iliyoifyatua nayo inashindwa. Nilikuwa nimefunga uuzaji wa plagi Mwanza kwa kamba inayopita baharini, na kamba ikikatika, plagi haiuziki ingawa iko rafuni na mteja ameshika hela.

Mama wa stoo aliwahudumia wote kwa kaunta buku lake. Mzee alinipigia jioni. "Kijana, nilikulipa uniunganishie maduka. Sikukulipa uyafunge."

Mpango wa pili ndio ulionifanya nijisifu ile Mei. Triga iandike karibu tu, kwenye jedwali la hapo hapo dukani nililoliita kapu. Haitoki nje, haimwulizi mtu:

CREATE TRIGGER mauzo_kwenda_kapuni
AFTER INSERT ON mauzo
FOR EACH ROW
  INSERT INTO kapu_la_kutoka (tawi, bidhaa, mwendo, lini)
  VALUES ('MWZ', NEW.bidhaa, -NEW.idadi, UTC_TIMESTAMP());

Kwa kuwa imo ndani ya muamala ule ule, mauzo yakikamilika na mstari wa kapu unakamilika, mauzo yakifutwa na wenyewe unafutika. Kile kilichoniumiza mara ya kwanza sasa kikawa ulinzi. Halafu skripti ndogo, niliyoiita mjumbe, inaamka kila sekunde 30, inachukua kilichomo kapuni na kukipeleka kwenye kapu la kuingia la seva kuu. Mtandao usipokuwepo, mjumbe anarudi kulala na kapu linajaa. Kule kwenye seva kuu tukio la ratiba la kila dakika 1 linasoma kapu la kuingia, linapunguza hesabu ya stoo, linaweka alama kwenye mistari iliyokwisha kusomwa. Mwishowe seva kuu inawatumia matawi hesabu mpya: tyubu zimebaki kadhaa, plagi zimebaki kadhaa. Hiyo sentensi ya mwisho ishike, ndiko tunakokwenda.

Basi. Nikafungua kompyuta huku naongea na mama. Nikamwomba ahesabu rafu.

"Ziko sita."

Nikamwomba afungue kaunta buku. Nilimsikia akilamba kidole na kufunua kurasa. "Kabla neti haijakata tulikuwa nazo ishirini na sita. Tumeuza ishirini. Zimebaki sita. Wewe ulisoma hesabu wapi?"

26 toa 20 ni 6. Nikaandika kwenye bahasha ya bili ya maji. 26 toa 20, toa tena 20, ni hasi 14. Nikachukua plagi: tofauti kati ya daftari na mashine ilikuwa sawasawa na mauzo ya siku zile. Breki pedi, vivyo hivyo. Kila kitu kilichouzwa wakati neti imekata kilikuwa kimetolewa mara mbili. Si mara mbili na nusu, si mara tatu. Mara mbili kamili, mali yote, Mwanza na Kahama.

Nilikaa nalo mpaka adhuhuri. Kwa siku za kawaida lile tukio la kila dakika lilizoea kukuta mistari 10 au 15 na kumaliza kabla hujapepesa jicho. Usiku ule lilikuta zaidi ya 9,000, likafanya kazi kwa sekunde 80 na kitu. Na dakika ilipotimia, MySQL haikuuliza kama la kwanza limemaliza. Ikaanzisha la pili. Ndivyo ilivyo, imeandikwa hata kwenye maelezo yake, mimi ndiye sikusoma. La pili likaangalia kapu, likaona mistari ile ile bado haina alama, kwa kuwa la kwanza lilikuwa halijafunga muamala na alama zake hazikuwa zimeonekana nje. Likabeba orodha yake. Likajaribu kugusa jedwali la stoo, likakuta mistari imeshikiliwa, likasubiri mlangoni. InnoDB, sehemu ya MySQL inayotunza majedwali, humvumilia anayesubiri kufuli kwa sekunde 50 kabla ya kumtoa, kama hujabadilisha. Huyu alihitaji kusubiri 20 na ushei tu. La kwanza likafunga na kuondoka. La pili likaingia na orodha yake ya zamani mkononi, likatoa kila kitu upya. La tatu lilipofika lilikuta alama zote zimewekwa, likaondoka bila kazi. Ndiyo sababu ya mara mbili kamili.

Kwa lugha ya stoo: vijana wawili wamepewa nakala mbili za karatasi moja ya mzigo. Wa pili amesubiri kwa adabu mpaka wa kwanza atoke, kisha naye akaingia kupakua lori lile lile.

Kinachonikera hadi leo ni kwamba la kwanza lingechukua sekunde 115 badala ya 80, la pili lingechoka kusubiri na kutupwa nje, hesabu ingekuwa sawa, nami ningeendelea kujisifu huku kosa limelala ndani likingoja siku yake. Na hakuna aliyepiga kelele. Tukio la ratiba halina skrini wala mtu wa kumlalamikia. Likikosea linaandika kwenye logi ya makosa ya seva, na hapa hata kosa lenyewe halikuwepo, kwa MySQL kila kitu kilikwenda salama. Kelele ilitoka kwa mama wa stoo.

Dawa ya kwanza ilikuwa fupi. Tukio likiamka linaomba kufuli kwa jina, GET_LOCK, na muda wa kusubiri ni 0. Likilipata linafanya kazi na kulirudisha, likilikosa linarudi kulala, mwenzake yuko kazini. Dawa ya pili nilijifunza kutoka kwa watu wa kaunta. Mteja akikuonyesha meseji mbili za M-Pesa zenye namba moja ya muamala, hakuna muuza duka hapa nchini atakayempa mzigo mara mbili. Ile namba ndiyo mwenyewe. Kila mstari wa kapu sasa unasafiri na kitambulisho chake, tawi na namba, na seva kuu ina jedwali la vilivyokwisha kupokelewa ambalo ufunguo wake mkuu ni hivyo viwili pamoja. Mstari ukija mara ya pili, iwe kwa kosa langu, iwe mjumbe alituma na jibu likapotea njiani akatuma tena, jedwali linaukataa na stoo haiguswi. Ningelazimishwa kubaki na dawa moja kati ya hizo mbili ningeshika hii ya pili. Kufuli linazuia njia moja ya kosa niliyoijua. Kitambulisho kinazuia hata zile nisizozijua.

Lakini kilichonifanya nione aibu hakikuwa hicho. Kompyuta ya Mwanza ilikuwa na hesabu sahihi tangu mwanzo. Iliuza yenyewe, ilipunguza yenyewe, ilijua ziko 6. Ni mimi niliyeipelekea hasi 14 kutoka seva kuu na kuiambia ifute inachokijua. Yule aliyekuwa mbali na rafu ndiye niliyempa neno la mwisho.

Mwezi uliofuata nilipanda basi hadi Mwanza, nikakaa stoo siku mbili, na mama akanifungulia kaunta buku. Mistari aliipiga mwenyewe kwa rula: tarehe, zilizoingia, zilizotoka, baki, sahihi. Nikamuuliza kama Kariakoo huwa wanampigia kumwambia baki ni ngapi. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama huwa anapigiwa simu kuambiwa ana watoto wangapi. "Wao wananiambia wamenitumia thelathini. Baki naipiga mimi."

Nilirudi Dar nikaifuta ile sehemu yote ya kutuma baki. Sasa kinachosafiri kati ya seva ni mwendo peke yake: zimeingia 30, imetoka 1, zimetoka 2 kwa kupasuka. Kila mahali wanapiga baki yao. Miendo ya Mwanza na Kahama ikifika imepishana, jumla haibadiliki, kwa sababu kujumlisha hakujali nani katangulia. Baki ndiyo inayojali: baki mbili zikipishana njiani, ya zamani inaifuta mpya na mauzo yaliyokuwa katikati yanapotea bila kuacha hata harufu.

Bei hazikukubali dawa hiyo, kwa sababu bei haina mwendo. Mzee akisema breki pedi ni 9,000, ni 9,000. Huko nilikuwa na kisa kingine, cha zamani kidogo, ambacho sikuwahi kumsimulia Mzee kikamilifu. Bei hubadilishwa Kariakoo na kusambaa matawini. Nikaweka triga kwenye jedwali la bei kila mahali, maana wakati mwingine tawi nalo huruhusiwa kupunguza. Mzee akapandisha breki pedi kutoka 8,500 kwenda 9,000, kabla ya dakika mbili kuisha akaghairi, akarudisha 8,500.

Ujumbe wa 9,000 ukafika Mwanza. Mjumbe akaandika bei mpya. Triga ya Mwanza ikaona bei imebadilika, ikaandika kapuni: bei imebadilika! Ikaenda Kariakoo. Kariakoo ikaandika, triga yake ikafyatuka, ikarudi Mwanza. Nyuma yake kwa dakika moja ikaja ile ya 8,500, nayo ikaingia kwenye mzunguko huo huo. Kijana wa kaunta Mwanza alikuwa anamwambia mteja elfu nane na mia tano, akigeuka kuandika risiti inasoma elfu tisa. Mteja anaanza kupandisha sauti, akigeuza skrini amwonyeshe, imerudi elfu nane na mia tano. Na usifikiri mzunguko unakatika bei mbili zikishalingana: katika MySQL triga ya sasisho inafyatuka hata kama thamani mpya ni ile ile ya zamani, alimradi mstari umeguswa. Kapu lilikuwa na mistari elfu kadhaa ya breki pedi kabla sijazima kila kitu.

Nikaamua mjumbe ajitambulishe. Kabla ya kuandika chochote anaweka kigezo cha muunganisho, @chanzo, na triga ikikikuta kimejazwa inanyamaza. Mzunguko ukafa siku hiyo hiyo. Wiki iliyofuata baadhi ya mauzo ya Kahama yakawa hayafiki. Si yote, baadhi. Mjumbe wa wakati ule alikuwa anatumia miunganisho ile ile ya programu ya kaunta, na programu ile haifungi muunganisho. Ikimaliza inaurudisha kwenye dimbwi, akiba ya miunganisho iliyoachwa wazi, ili mwingine autumie. Muunganisho uliokwisha kuambiwa "@chanzo ni DAR" ukarudi na alama yake usoni, kijana wa kaunta akaupokea, akauza, triga ikaona alama ikanyamaza. Mauzo halali ya Kahama yakachukuliwa kuwa mwangwi wa Dar.

Mwishowe nikampa mjumbe jina lake mwenyewe la kuingilia kwenye hifadhidata, muunganisho wake peke yake, na triga ikawa inauliza aliyeingia ni nani. Hata hapo nilijikwaa. Niliandika CURRENT_USER(), na ndani ya triga hiyo inarudisha jina la aliyetunga triga, yaani mimi, siku zote, hata awe nani kaandika. Inayotakiwa ni USER(). Herufi chache tu, na jioni nzima iliishia humo.

Kuna shimo jingine ambalo watu wengi wanalipita juu bila kujua kama lipo. Mjumbe wa mwanzo alikuwa anakumbuka namba ya mwisho aliyoituma: nimeishia 1043, nipe zinazozidi hapo. Inaonekana safi. Sasa mteja wa jumla kutoka Geita ana invoisi ndefu, programu inafungua muamala, mstari wa kapu unapewa namba 1044, lakini muamala haujafungwa; mteja bado anahesabu noti. Pembeni mwingine ananunua plagi moja, anapewa 1045, anamaliza, anaondoka. Mjumbe anaamka: anaiona 1045, 1044 haionekani kwa sababu bado haijakamilika. Anabeba 1045, anaandika "nimeishia 1045". Noti zinakwisha kuhesabiwa, 1044 inajitokeza, na hakuna atakayeitazama tena maishani. Invoisi kubwa kuliko zote za siku ndiyo inayopotea, kwa sababu kubwa ndizo zinazochelewa kufungwa. Siku hizi mjumbe haulizi ameishia wapi. Anauliza nani bado hajasafiri, na aliyesafiri anawekewa alama baada ya seva kuu kukiri kupokea.

Mengine nayataja tu. Ukifuta invoisi na mistari yake ikafutika yenyewe kwa kufuata ufunguo wa kigeni, yaani kiungo cha jedwali moja na jingine, triga za mistari hiyo hazifyatuki katika MySQL. Tulibaki na mistari yatima kwenye seva kuu mpaka tukapiga marufuku kufuta. Mama wa stoo naye hafuti, anapiga mstari mwekundu na kuandika chini yake. Mwishoni mwa 2023, msaada wa toleo la 5.7 ulipokwisha Oktoba, tulihamia 8.0. Nikachukua bakapu kwa mysqldump, nikairudisha, triga zote zikaja, nikafurahi. Matukio ya ratiba hayakuja hata moja. Triga zinabebwa bila kuombwa, matukio yanataka uandike --events. Kapu lilikaa siku nzima bila kusomwa.

Na saa. Seva ilisoma UTC, saa ya kimataifa, sisi tuko saa tatu mbele yake, hilo nililizoea. Lakini Mzee alisema ripoti ya kufunga itoke "saa mbili usiku", na dogo niliyemwachia kazi hiyo akaandika 02:00. Dogo amesoma shule za Kiingereza tangu chekechea. Ripoti ikawa inamfikia Mzee saa kumi na moja alfajiri, wakati anatawadha, na kwa wiki nzima alidhani ni utaratibu mpya wa nidhamu, akasema ameupenda.

Mama wa stoo ameendelea na kaunta buku lake. Nilimwambia sasa anaweza kupumzika, akasema mashine ipumzike kwanza. Kila mwisho wa mwezi tunapigiana simu, mimi nasoma skrini, yeye anasoma daftari, kisha anakwenda rafuni. Mwezi uliopita tyubu za ringi 18: skrini 31, daftari 31, rafu 30. Nikavuta kiti kuelekea kompyuta, tayari nimeanza kufungua logi.

"Acha, acha," akasema. Nikamsikia akimwita kijana wa kaunta, kisha mlango wa nyuma, kisha kimya kidogo. Akarudi kwenye simu. "Iko kwenye gurudumu la nyuma la pikipiki yake. Anasema atalipa mshahara ukitoka."

"Niiandike vipi mama?"

"Imetoka moja. Na jina lake weka."